Mwaka wa Mama Kijacho

Mimi si mtu wa kulia msibani. Wanangu wanasema moyo wangu ni wa jiwe, nami huwaambia jiwe nalo lina faida yake, hujengewa msingi. Basi nilipopigiwa simu kwamba Fundi amefariki, nilifunga kibanda changu cha vitenge pale sokoni Masasi, nikapanda gari la Newala na kufika Kitangari macho makavu. Fundi alikuwa mume wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwangu mimi ni Baba Mdogo, ingawa Mama Mdogo mwenyewe tulimzika zamani, enzi za ruksa, mimi nikiwa msichana niliyetoka kumaliza kidato cha nne. Nilikaa kwao mwaka mmoja tu. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, nimefilisika na kuinuka tena, lakini mtu akiniuliza nilikua lini nitamwambia ni mwaka ule, katika nyumba ile ya udongo iliyoezekwa nusu bati nusu nyasi.

Siku ya pili ya matanga watani walianza vituko vyao. Mmoja, baba mzima kutoka Chiwata, alivaa kofia ya marehemu, akachukua pampu yake ya baiskeli na kuwazungukia wafiwa akiuliza nani ana pancha. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana Fundi alikuwa akiuliza hivyo hivyo kila asubuhi kabla hata ya salamu. Kisha yule mtani akakunja kanga, akazifunga tumboni mwa mwanamke mmoja mtani mwenziwe, akamwekea pampu kitovuni na kuanza kujaza upepo huku akisema kwa sauti ya Fundi, "Ngojeni, ngojeni, Baba Kijacho mimi, mwanangu yuko njiani." Vijana waliangua kicheko, hawajui lolote. Sisi wa zamani tulinyamaza. Mama Jafari, jirani yao wa miaka yote, sasa bibi kizee asiye na meno ya mbele, alinishika mkono pale jamvini. "Rehema," akaniambia, "inuka twende jikoni. Kuna neno nimelilalia miaka yote hii, na mimi sasa nimezeeka." Nilimfuata kwa shingo upande. Nitasema alichoniambia, lakini kwanza nieleze mwaka wenyewe, la sivyo neno lake halitakuwa na pa kukaa.

Kwetu huku juu mlimani mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kando. Anakuwa Mama Jafari, Mama Salumu, Mama nani sijui, mpaka wajukuu zake hawalijui jina alilopewa na wazazi. Mama Mdogo alikuwa amepita miaka arobaini na bado anaitwa Esha. Watoto wadogo wenye kamasi walikuwa wanakuja mlangoni na kuita, "Esha, mama anaomba moto." Hakuna aliyekusudia kumtukana, hawakuwa na jina jingine la kumwita. Yeye aliitika, akatoa moto, akarudi kwenye kinu chake. Nikiwa nimelala chumba cha pili, ukuta haufiki darini, asubuhi na mapema nilikuwa nikiwasikia yeye na Baba Mdogo wakinong'ona. Fundi hakuwa mtu wa kelele. Siku moja nilimsikia akisema, "Mimi sitaoa mwingine, Esha, acha kunisukumia wanawake." Naye Mama Mdogo akajibu, "Wewe utaoa au hutaoa, ukoo wangu ndio unaofia kwangu. Watoto kwetu ni wa mama. Mimi nikifa, mlango umefungwa." Kisha nikasikia akijimiminia maji ya kunawa, akatoka kufagia uwanja.

Jambo la chumba cha uzazi ndilo lililomuumiza kuliko mengine yote. Wakati ule wanawake wengi walikuwa wanazalia nyumbani, na desturi ilikuwa hii: mwanamume haingii, msichana haingii, wala mwanamke ambaye hajazaa haingii. Chumba kile ni cha waliokwisha kuona. Mwaka huo nilipofika, Mama Jafari alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa nne, na wanawake wa mtaa mzima wakajaa ndani kwake, mlango ukafungwa. Mimi nilikaa nje na wasichana wenzangu tukimenya njugu mawe. Mama Mdogo alikaa nasi. Mtu mzima, mvi zimeanza kuchungulia, amekaa na vigoli. Somo wake, yule bibi aliyemfunda unyagoni na ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwa kuzalisha, alitoa kichwa dirishani akasema, "Esha, maji." Maji ya Kitangari si mchezo. Miaka ile mabomba yalikuwa yamekauka, tukishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani mpaka magoti yanalia. Mama Mdogo akachukua ndoo, nami nikamfuata na yangu. Njiani akaniambia bila kugeuka, "Rehema, mimi nimechota maji ya watoto wote wa mtaa huu. Hata mmoja sijamwona akitoka." Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Ilikuwa enzi za kila kitu ruksa. Wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao wenyewe, ambapo zamani tulikijua chama cha ushirika peke yake. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni kila juma, na redio za kaseti zilipiga miziki mpaka betri zikachoka. Watu walikuwa na matumaini ya ajabu, hata wasiokuwa na kitu. Nadhani na Mama Mdogo aliambukizwa. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa mikorosho, tumerudi shambani tumejaa unga wa njano hadi kwenye nyusi, tumekaa jikoni tukila ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi, akanishika mkono ghafla na kuuweka tumboni mwake, pale kwenye kitovu, kidogo upande wa kushoto. "Tulia," akasema. Nikatulia. Chini ya kiganja changu kitu kilikuwa kinagonga. Dup, dup, dup, kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu viliinuka. Nilimtazama usoni, alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka juu ya ule unga wa salfa. Siku zake zilikuwa zimekatika tangu miezi kadhaa. Akaniambia, "Usimwambie mtu mpaka nimwone Somo."

Somo alikuja kesho yake. Alimlaza juu ya mkeka, akampapasa tumbo macho yamefumba, akatoa hukumu. Mimba hii si ya leo. Ni ile iliyoingia miaka ile ya mwanzo wa ndoa, ikateleza ikaenda mgongoni na kulala huko. Sasa imeamka, lakini bado nusu iko mgongoni, na kazi ni kuivuta ije mbele. Huku kwetu kila mwanamke anajua kwamba mimba inaweza kwenda mgongoni. Nimewasikia wasomi wakicheka habari hii, lakini mtu ambaye amengoja miaka ishirini hachagui pa kuamini. Basi ikawa kila alasiri Somo anakuja na kichupa chake cha mafuta ya ufuta, mimi nayapasha moto kwenye kifuu, naye anakanda. Anaanzia kiunoni, anazunguka ubavuni, anasukuma kuelekea kitovuni kwa kiganja na kiwiko. Mama Mdogo anauma kanga. Akimaliza, Somo huweka sikio tumboni na kusema, "Anaitika huyu." Na kweli, baada ya kukandwa kiligonga zaidi.

Habari hazikukaa ndani. Mtaa ulipojua, walimpa jina. Hawakuweza kumwita mama wa mtoto ambaye hajaja, wakamwita Mama Kijacho, na Fundi akawa Baba Kijacho. Ulikuwa utani, lakini utani wenye upendo, na laiti mngemwona Mama Mdogo anavyoitika. Alikuwa akichelewa kidogo makusudi ili aitwe mara ya pili. Fundi alikwenda kwenye marobota akarudi na kofia ya sufu ya mtoto mchanga, rangi ya maziwa, ya nchi za baridi huko. Aliitundika ukutani kwenye chumba cha mbele, katikati ya tairi na minyororo, penye harufu ya gundi ya kuzibia pancha. Kila mteja aliyeuliza ile ni nini aliambiwa, na kila aliyeambiwa alikaa kupiga soga. Sijapata kuiona nyumba yenye furaha kama ile. Ndiyo maana hadi leo sipendi kuikumbuka, kwa sababu furaha yenyewe tuliijenga juu ya kile kile kilichokuwa kinamuua.

Kitu kimoja kilinikereketa. Tumbo halikukua. Kilichogonga kiligonga vile vile asubuhi na jioni, hakilali, hakigeuki, na tulipopanda kutoka bondeni na maji kiligonga mbio. Mama Mdogo alicheka akasema, "Mtoto naye amechoka na mlima." Tulipompeleka kupimwa, mkunga wa zahanati aliweka kile kichombo chake cha mbao tumboni, akasikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena, akamshika na kifundo cha mkono. Hakusema kitu mbele yake. Alimwita Fundi pembeni na kumwambia ampeleke hospitali ya misheni kule chini, asichelewe. Fundi alidhani mtoto amekaa vibaya. Tukashuka naye kwa lori la korosho, yeye amekaa mbele kwa dereva, mimi na Fundi tumekaa juu ya magunia. Alikuwa amevaa gauni lake la Idi.

Daktari alikuwa mtu wa Bukoba, anaitwa Kaijage, mrefu, mpole, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama cha watu wa kwao. Alimwamkia Fundi shikamoo ingawa sidhani Fundi alimzidi sana umri. Alimlaza Mama Mdogo, akaweka viganja viwili kwenye kile kilichokuwa kinagonga, kimoja huku na kimoja huku, navyo viganja vikawa vinaachana na kukutana, vinaachana na kukutana. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa siku ile: alichukua ubavu wa mkono wake akauingiza taratibu kati ya mbavu za Mama Mdogo na ule uvimbe, kama mtu anayepima nafasi ya kupitisha ubao. Mkono ukapita. Akashusha pumzi. Baadaye akampeleka kwenye mashine ya ultrasaundi, akatutazamisha kwenye kioo. Akatuonyesha nyumba ya uzazi, ndogo, tupu. Akasogeza. Akatuonyesha kitu cheusi cha duara kinachotanuka na kusinyaa. "Huu ni mshipa mkubwa wa damu," akasema. "Unatoka moyoni unashuka hapa mbele ya uti wa mgongo. Umevimba."

Mama Mdogo hakuangalia kioo. Akasema, "Daktari, mwanangu anapiga. Mtu ambaye hayupo hapigi." Daktari Kaijage hakubishana. Akauchukua mkono wake wa kulia akauweka kitovuni, akachukua vidole vya mkono wa kushoto akavikandamiza shingoni mwake mwenyewe Mama Mdogo, pale panapocheza chini ya taya. "Sikiliza kwa vidole, mama. Usiharakishe." Alisikiliza. Niliona midomo yake inahesabu bila sauti. Sote tulikuwa tunangoja kimoja kikosee, kile cha tumbo kiwahi au kile cha shingo kichelewe, hata mara moja tu, na mimi nilikuwa naomba Mungu kikosee. Hakikukosea. Mama Mdogo akashusha mikono yote miwili akasema, "Kumbe nilikuwa nacheza mwenyewe." Halafu akageukia ukutani.

Nje kwenye benchi Daktari alimweleza Fundi, na kwa kuwa Fundi alikuwa fundi, alielewa kuliko mimi mwenye cheti changu cha kidato cha nne. Daktari alimuuliza, "Tairi likiisha upande mmoja, tyubu inafanyaje?" Fundi akajibu, "Inachungulia. Inatoa donge." Daktari akasema ndivyo, ukuta wa mshipa umelika, huenda ni ile homa ya matumbo iliyomlaza mwaka uliotangulia, na damu inausukuma kila pigo. Akasema mshipa hauvimbi popote tu, una mahali pake. Tumboni, mara nyingi ni pale chini ya matawi mawili yanayokwenda kwenye figo na juu ya panapogawanyika kwenda miguuni, usawa wa kitovu. Pengine ni yale matawi ya miguu yenyewe. Kwa wanawake pengine ni tawi la wengu, na mara chache sana la ini. "Wa mama umeanzia chini ya figo," akasema. "Mkono wangu umepita, na mashine imekubali. Hiyo ndiyo bahati tuliyo nayo. Ungekuwa juu ya figo nisingewapa matumaini. Huu wa chini unaweza kufungwa na kuwekewa mpira mwingine, ila mimi hapa sina mpira huo. Dar wanao." Fundi akauliza, "Na ukiachwa?" Daktari akamtazama. "Tyubu iliyotoa donge, Mzee, wewe huwa unairudisha kwa kuisukuma?" Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa anayakumbuka mafuta ya ufuta, na mimi pia.

Daktari alitaka kumlaza wodini, Mama Mdogo akakataa. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara ya Dar imekatika huko Rufiji, na kilichobaki kilikuwa meli ya Mtwara, ambayo ilikuja ilipotaka. Alisema atangoja meli nyumbani kwake, si kwenye wodi ya wazazi, maana huko wodini ndiko pekee kulikokuwa na kitanda kitupu. Daktari alimkataza kubeba, kuchota maji na, zaidi ya yote, kukandwa. Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi, lori limesimama kupoza injini, Mama Mdogo aliteremka akaja nyuma tulipokuwa. "Nisikilizeni wote wawili," akasema. "Dar nitakwenda, watanichana, sawa. Lakini mpaka siku ya gari, mtaani msiseme. Niacheni nitembee na jina langu." Fundi akasema, "Esha, watu watajua." Akamjibu, "Watajua nikishaondoka. Mniapie." Tukaapa, juu ya magunia ya korosho, mvua ya manyunyu inatunyeshea.

Siku zilizofuata sitaki kuzirefusha. Aliitwa Mama Kijacho, akaitika. Somo alipokuja na kichupa chake, Mama Mdogo alimwambia kwa adabu zote mtoto ameshageuka, asisumbuliwe. Somo akaridhika. Mimi nilichota maji ya nyumba nzima. Fundi alikuwa hawezi tena kushika pampu, akiona tyubu imevimba anatoka nje. Tulikula kisamvu na ugali wa muhogo bila kutazamana, na katika ule ukimya mimi nilikuwa nikilitazama gauni lake pale kitovuni linavyotikisika. Nilikuwa namchukia kila aliyecheka mbele yake. Nilimchukia hata Mungu, na nasema hivyo nikijua nilichosema. Kofia ilibaki ukutani, hakuna aliyethubutu kuiondoa. Hatimaye mnunuzi mmoja wa korosho akaleta habari kwamba meli imetia nanga Mtwara, na kwamba lori lake linashuka kesho kupitia Mtama, litampitia mchana. Fundi alimkumbatia yule mfanyabiashara mbele za watu.

Kesho yake asubuhi Mama Mdogo alikuwa anakunja nguo zake. Nilikuwa uwanjani. Nikasikia amesema "Ee," si kwa nguvu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti ameshika kiuno, jasho linamtoka usoni ilhali kuna baridi. "Mgongo," akasema. "Mgongo unapasuka." Nilipiga yowe, na kwa yowe lile mtaa mzima ukaja, kwa sababu walikuwa wanalingoja. Mgongo, jasho, mwanamke amepiga magoti. Somo hakuuliza swali. Akamwinua na wenzake wawili, Mama Jafari akiwa mmojawapo, wakamwingiza chumbani. Nilikimbilia mlango. Nikasema, "Somo, shikamoo, nakuomba, si uchungu huu, Daktari alisema ni mshipa." Somo akanitazama kwa huruma kabisa, akaniuliza, "Wewe umezaa wangapi, mwanangu?" Akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Fundi alikuja mbio kutoka sokoni. Aligonga mlango kwa mikono miwili akisema, "Fungueni, nitoleeni mke wangu, gari linakuja." Wanawake waliokuwa nje walimshika. Walikuwa wanamcheka kwa upole, kama wanavyomcheka baba yeyote wa mtoto wa kwanza. "Baba Kijacho, tulia. Mwanamume anajua nini habari za uchungu?" Alipowaambia hakuna mtoto, walimfunika mdomo, wakasema asimtakie mkewe mabaya. Akapiga bega mlangoni, wanaume wa mtaa wakaja kumvuta, mwanamume kuvunja mlango wa uzazi ni aibu isiyosimulika. Akaita dirishani, "Esha. Esha, waambie." Kutoka ndani hakuna aliyejibu. Lori likaja likapiga honi. Likapiga tena. Na wakati honi ile inalia, tukasikia kutoka chumbani kicheko. Wanawake walikuwa wanacheka, wote, cheko la raha. Fundi aliacha kupigana. Alikaa chini ukutani akaziba masikio. Cheko lile nimelichukia maisha yangu yote. Nimezaa watoto wangu wote hospitalini Masasi kwa sababu ya cheko lile. Dereva alingoja, kisha akasema ana mzigo wa watu, akaondoka. Muda si mrefu mlango ukafunguliwa, Somo akatoka kichwa wazi, na tukajua.

Daktari Kaijage alituambia baadaye kwamba ukishapasuka namna ile asingefika hata Mtama. Alisema ili kutufariji. Fundi alimshukuru, lakini hakuoa tena, na mimi niliondoka Kitangari baada ya arobaini na sikumwamkia Somo hata siku moja mpaka naye akafa. Kofia sikujua ilikokwenda.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nilipomfuata Mama Jafari jikoni kwenye msiba wa Fundi. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi. "Nimekuona unavyoniangalia miaka yote," akasema. "Unadhani tulikuwa wajinga."

"Sikusema hivyo, Mama Jafari."

"Hukusema, lakini unaangalia. Sasa nisikilize. Tulipomlaza tu, Somo alimgusa akajua. Chupa haikupasuka, njia imefunga, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na mtu anakuwa mweupe mbele ya macho yetu. Somo akaenda kushika komeo afungue. Esha akamshika kanga. Akasema, Somo, usifungue. Akatwambia yote, ya Daktari, ya mshipa. Akasema, naondoka, najisikia mwenyewe, hilo lori halinifikishi. Mkinitoa nje nitafia juu ya magunia, naitwa Esha. Mimi sijaingia chumba hiki hata siku moja. Niacheni nimalizie humu."

Nilisogeza kibao changu karibu naye.

"Tulimsikia Fundi anaita, mwanangu. Esha alimsikia. Alisema, mkimjibu mtafungua. Basi hatukumjibu. Somo akamfanyia kila kitu. Akamfunga kanga ya mzazi kiunoni. Akamkalisha nyuma mtu wa kumwegemea, ndiye mimi, mikono yangu imemzunguka tumboni. Akamwambia maneno yale anayoambiwa mzazi, siwezi kukwambia hata sasa, ingawa nawe umezaa, maana yanasemwa mle mle. Ile kofia alikuwa nayo kifuani, sijui aliitundua saa ngapi. Tulimzika nayo. Halafu Somo akasema mzazi lazima anywe uji. Ulikuwepo wa kwetu motoni, wa pilipili manga, tukamnywesha kijiko, na cha pili. Akaufikiri mdomoni. Akafumbua macho akatutazama mmoja mmoja, akasema, Haa, miaka yote hii mkitunyima kuingia, kumbe uji wenyewe ndio huu, umezidi pilipili."

Mama Jafari alijifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Tukacheka," akasema. "Na yeye alicheka. Ndani ya cheko hilo hilo nikasikia kimeacha kugonga."